Kalamu Isiyo na Wino: Maswali Yenu Kuhusu Kalamu za Mvuke za "Nta"

Barua za safari hii zimetoka Mwanjelwa hadi Makete, na karibu zote zinazungumzia kitu kimoja: kile kifaa chembamba chenye kitufe ambacho Waingereza na Wamarekani wanakiita kalamu ya nta. Jina lenyewe limeshamletea hasara mfuga nyuki mmoja, kama mtakavyosoma. Tumezipanga kwa uzito wa maswali, bila kujali ipi ilitangulia kufika.

SWALI: Habari za kazi. Mteja ameniachia kifaa kama kalamu, kina kitufe kimoja na taa ndogo. Ukikibonyeza kinapepesa taa mara kadhaa kisha kinazima. Nimefungua sehemu ya juu nikakuta kibakuli kimejaa kitu cheusi kama lami. Wenzangu hapa kibandani wanasema ni sigara ya umeme, lakini sioni pamba wala tangi la maji yake. Ni kitu gani, na nitakipimaje bila kuharibu mali ya watu?
Fundi simu, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Wenzako wamekosea kidogo tu. Undugu upo. Sigara ya umeme ya kisasa ilibuniwa na mfamasia Mchina, Hon Lik, mwaka 2003, na kalamu hii imezaliwa kwenye ukoo huohuo: betri, swichi na waya unaopata moto. Tofauti iko kwenye kinachochomwa. Sigara ya umeme inakula maji mepesi yanayopanda kwenye pamba. Kalamu hii haina pamba kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya kitu kizito kinachonata, yaani utomvu uliokamuliwa kutoka kwenye bangi, ambao kwa rangi na ulaini wake unafanana na nta. Hiyo lami uliyoiona ni mabaki yake yaliyoungua.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, lijue hili: kwa sheria yetu, utomvu wa bangi ni dawa ya kulevya sawa na majani yake, na mabaki kwenye kibakuli ni utomvu huohuo. Kifaa kikikutwa mezani kwako, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Ushauri wetu ni kumrudishia mwenyewe sehemu ya juu yote, ubaki na betri tu kama unataka kuishughulikia. Betri peke yake ni kifaa cha umeme kama tochi. Na mteja akikataa kuondoka na hiyo sehemu ya juu, mrudishie vyote viwili.

Sasa ufundi. Kalamu hizi zina vipande vitatu. Chini kuna betri ya lithiamu yenye bodi ndogo ya ulinzi. Katikati kuna chumba cha joto, chenye kibakuli na koili, yaani ule waya unaopata moto. Juu kuna kifyonzeo, cha kioo, cha chuma au cha plastiki. Betri na chumba vinaungana kwa hesi, ile mistari ya kufungia kama ya skrubu, ambazo dunia nzima inaziita 510, maana ni hesi kumi zenye nafasi ya nusu milimita kila moja. Ndiyo maana betri ya kampuni moja huingia kwenye chumba cha kampuni nyingine, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Anza na betri. Seli ni ya volti 3.7 kwa jina. Ikijaa inafika 4.2, na bodi nyingi huikata ikishuka karibu na 3. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hesi, ncha nyekundu kwenye pini ya katikati, kisha bonyeza kitufe na ukishikilie. Usipopata kitu, usikimbilie kufungua. Kalamu nyingi zina kufuli: bonyeza haraka mara tano ndipo iwake, na mara tano tena izime. Wateja wengi wanaoleta "kalamu iliyokufa" wameifunga wenyewe mfukoni bila kujua. Mibonyezo mitatu kwa kawaida hubadilisha volti, na rangi ya taa hubadilika. Miwili, kwa zile zenye huduma hiyo, huanzisha kupasha taratibu kwa volti ndogo kwa sekunde kumi hivi. Ukishikilia kitufe mfululizo, bodi itakata yenyewe baada ya sekunde kumi hadi kumi na tano. Hilo si kosa.

Kama volti ipo bila chumba, lakini taa inapepesa chumba kinapofungwa, tatizo liko kwenye koili au pale zinapogusana. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Gusanisha ncha zenyewe kwanza; mita za bei ndogo huonyesha 0.2 au 0.3, na hiyo utaitoa kwenye kipimo chako. Kisha pima kati ya pini ya katikati ya chumba na hesi zake. Koili nzima za kalamu hizi huangukia kati ya 0.5 na 1.5. Mita isiposoma kabisa, waya umekatika au mguu wake umechomoka kwenye pini. Ikisoma sifuri, kuna shoti, na bodi inafanya kazi yake inapokataa kuwasha.

Halafu kuna kosa la kulinganisha, ambalo mita haitakuonyesha usipopiga hesabu. Wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Betri ya volti 3.7 na koili ya 1.2 zinatoa wati 11.4 na kuvuta ampea 3 hivi. Kalamu nyembamba yenye seli ya mAh 350 (kipimo cha chaji inayobeba) inaweza kuvumilia hapo, ingawa haifiki mbali: ni kama dakika saba za moto mfululizo, sawa na mibonyezo arobaini ya sekunde kumi. Funga koili ya 0.5 kwenye betri hiyohiyo na mahitaji yanapanda hadi wati 27 na ampea 7.4. Seli ndogo haina nguvu hizo. Volti inaanguka ghafla, bodi inadhani chaji imeisha, taa inapepesa, na mteja anasema umemwuzia betri mbovu. Idadi ya mipepeso na maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo usiiamini kuliko mita yako.

Ugonjwa wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote: pini ya katikati imezama. Mtu anakaza chumba kama anayekaza nati ya gurudumu la Fuso, pini inasukumwa ndani, na siku akibadilisha chumba hakuna kinachogusana. Zima betri, chukua kijiti cha meno cha mti, inua pini kiasi cha nusu milimita. Cha mti, tumesema. Kibano cha chuma kitagusa pini na hesi kwa pamoja, na hiyo ni shoti mkononi mwako. Ukiona utando wa kahawia kwenye pini, ni utomvu uliovuja kwa sababu kibakuli kilijazwa kupita kiasi. Unaziba umeme kama rangi. Pamba ya masikio na spiriti yenye alkoholi asilimia 90 au zaidi huutoa. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa inafanya kazi pia, ila ina maji, basi acha pakauke vizuri kabla ya kuwasha. Na usichomelee waya moja kwa moja kwenye seli kwa solda. Joto linaharibu utando wa ndani unaotenganisha chanya na hasi, na seli inakuwa bomu la kesho.

SWALI: Nina mizinga ya pau za juu hapa Chunya. Niliona mtandaoni kalamu ya kuyeyushia nta, nikaagiza moja nikidhani itanisaidia kupaka nta kwenye pau ili nyuki waanze masega kwa mstari ulionyooka. Imefika. Nimeweka nta yangu, imetoa moshi mchungu na hakuna kilichodondoka. Nimekosea wapi?
Mfuga nyuki, Chunya

JIBU: Pole, kaka. Hukukosea kutumia, ulikosea kununua, na aliyekosea zaidi ni aliyetafsiri tangazo. Hiyo "nta" haina uhusiano wowote na nyuki. Soma jibu lililotangulia.

Hata tukisahau jina, kifaa hicho hakifai. Kimejengwa ili kugeuza kitu kuwa mvuke. Hakina njia ya kumimina. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi. Ikipita 85 inaanza kupoteza rangi yake. Koili ya kalamu inapita nyuzi 200 ndani ya sekunde chache, na huko nta inavunjika na kutoa gesi kali inayochoma macho na koo. Huo ndio uchungu ulioupata. Usiuvute.

Tena angalia kipimo. Kibakuli kinabeba karibu gramu 0.2. Mstari wa nta wenye urefu wa sentimita 40, upana wa milimita 3 na kimo cha milimita 2 ni gramu 2.3. Mzinga wa pau 26 unataka gramu 60 hivi. Ungejaza kibakuli mara mia tatu kwa mzinga mmoja.

Njia iliyo rahisi unayo jikoni. Tia maji kwenye sufuria kubwa, weka ndani yake sufuria ndogo yenye nta, na usiruhusu moto ugonge sufuria ya nta moja kwa moja. Hapa nyanda za juu tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana: kwenye mita 1,700, kama Mbeya mjini, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, hivyo nta haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Ondoa sufuria motoni mara nta inapoyeyuka yote. Tumia sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kinaifanya nta iwe ya kahawia, na shaba inaipa ukijani, kisha mnunuzi anakushusha bei.

Pau ziwe kavu. Nta iliyomwagwa kwenye mbao mbichi inabanduka siku nyuki wakianza kuning'inia. Chora mstari katikati ya pau kwa msumari, chovya brashi ndogo, pitisha mara tatu au nne ukiacha kila tabaka ligande. Nta ya moto sana inanywewa na mbao na kubaki utando tu. Ya baridi sana inakaa juu kama gundi iliyokauka. Ukiona inateleza kama mafuta ya kula huku inaanza kuweka ukungu pembeni ya sufuria, joto ni hilo.

Nta ikishika moto, funika sufuria kwa mfuniko. Ukimwaga maji, yatageuka mvuke chini ya nta na kuirusha yote juu ikiwa inawaka.

Ukitaka umeme kweli, upo wa aina nyingine: wenye mizinga ya fremu hugusisha betri ya pikipiki ya volti 12 kwenye ncha mbili za waya wa fremu kwa sekunde chache, waya unapata joto na kuzama kwenye karatasi ya nta. Ukichelewa kuondoa, waya unakata karatasi vipande viwili. Lakini kwa pau za juu huhitaji hata hilo. Kalamu yako toa betri uifanye kitu kingine. Kile kibakuli hakitasafishika.

SWALI: Shikamooni. Binti yangu yupo chuo, amekuja likizo. Kwenye begi lake nimekuta kalamu ya chuma yenye kitufe, kichupa kidogo laini cha mpira kama cha krimu, na kijiko chembamba sana cha chuma kama cha kutolea nta masikioni. Anasema ni sigara ya umeme ya rafiki yake, haina madhara. Nimeinusa, hainuki sigara. Nifanyeje?
Mama, Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba, mama. Vitu vitatu hivyo ulivyovitaja ndivyo vinavyokwenda pamoja. Kichupa cha silikoni kipo kwa sababu utomvu unagandia kwenye plastiki na kioo. Kijiko kipo kwa sababu hauwezi kushikwa kwa vidole. Mvutaji wa nikotini hahitaji kichupa hicho wala kijiko. Fungua sehemu ya juu ya kalamu uangalie: ukiona pamba na maji mepesi, binti yako amesema kweli kuhusu sigara. Ukiona kibakuli kikavu chenye duara jeupe la kauri, au vijiti viwili vya kioo vilivyozungushiwa waya, pamoja na utando wa rangi ya asali au kahawia, hiyo ni kalamu ya utomvu. Harufu isikudanganye. Mvuke wake unanukia kidogo tu na kupotea upesi kuliko moshi wa msokoto, na hiyo ni moja ya sababu inapendwa mabwenini.

Neno "haina madhara" ndilo la kujibu. Bangi ya kawaida inayouzwa kihalali huko Marekani mara nyingi ina kilevi chake, THC, kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Utomvu huu unafika asilimia 60 hadi 90. Mtu aliyezoea kuona wazee wakivuta msokoto hawezi kulinganisha. Kipande cha punje ya mchele kinaweza kumfanya asiyezoea apate mapigo ya moyo ya kasi, hofu kali, kutapika na hata kuona visivyokuwepo. Na hapo tumedhani kwamba kilichomo ni bangi tupu, jambo ambalo hakuna mtu wa Iringa anayeweza kukuhakikishia kwa kutazama.

La leo hii: kama kuna mtoto mdogo nyumbani, hicho kichupa kisilale pale kilipo. Kinafanana na asali. Mtoto akikilamba anaweza kulala usingizi usioamshika na kupumua kwa shida. Ikitokea, usimtapishe, mpeleke hospitali na useme wazi amekula nini, ili daktari asipoteze muda kutafuta malaria.

Kuhusu binti, usianze na polisi wala na viboko. Kaa naye mkiwa wawili, kifaa kiwe mezani, umuulize vitu vinavyojibika: anavuta mara ngapi kwa wiki, anavuta peke yake au na wenzake, akikosa analalaje. Anayevuta kila siku akiacha ghafla hukosa usingizi, hukasirika bure na hupoteza hamu ya kula kwa wiki moja au mbili. Ukilijua hilo mapema hutadhani anakuletea jeuri. Akishindwa, kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa ndicho mahali pake. Kuna watu watakuambia umpeleke akapewe methadoni. Hiyo ni tiba ya waathirika wa heroini na jamii yake, haitibu bangi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, unaweza kupiga kuuliza ushauri.

Kichupa chenyewe kisibaki ndani ya nyumba yako wala kisisafiri na binti kwenye basi la kurudi chuo. Kisheria, aliyekutwa nacho ndiye mwenye nacho, hata kama cha rafiki.

SWALI: Mimi nasoma sana mambo haya mtandaoni. Wanasema ukitumia kibakuli cha kauri na volti ndogo hakuna moshi, ni mvuke tu, kwa hiyo mapafu hayaguswi. Ni kweli au ni biashara? Ndaga fijo.
Kijana, Tukuyu

JIBU: Nusu ni kweli, nusu ni biashara, na wauzaji wanakuuzia ile nusu ya pili.

Kweli ni kwamba joto ndilo jambo kuu. Waya uliozungushwa kwenye kijiti cha kwatsi, aina ya kioo kinachostahimili moto, unapata moto ndani ya sekunde mbili tatu na kupanda bila breki. Kitu kinachougusa kinaungua. Kibakuli cha kauri kinachelewa kupata joto, kinalisambaza, na kinalishika muda mrefu baada ya kuachia kitufe. Udhaifu wake ni kupasuka: kikidondoka, au kikiguswa na spiriti baridi kikiwa bado cha moto. Kuna pia bakuli la kwatsi lenye koili iliyofichwa chini yake. Linarahisisha usafi, ila linataka betri kubwa zaidi.

Biashara inaanza pale wanapoandika "joto la chini" kwenye boksi. Kalamu nyingi hazijui joto lao. Hazina kipimo. Zinajua volti tu, na volti ileile inatoa joto moja kibakuli kikijaa na jingine kabisa kikibaki kikavu. Bodi yenye akili inaweza kukisia joto kwa kuangalia jinsi ukinzani wa waya unavyopanda, lakini hilo linawezekana kwa waya wa titani, nikeli au chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida wa chuma, kromi na alumini, ambao ndio umejaa kwenye kalamu za bei nafuu, ukinzani wake haubadiliki kiasi cha kupimika. Ukiona tangazo linataja nyuzi kamili na koili ya waya huo, ujue namba imeandikwa na mchora boksi.

Na kuhusu mapafu: mwaka 2017 watafiti wa Portland State University, Marekani, walipasha moto viungo vya harufu vilivyomo kwenye utomvu huu. Walikuta kemikali za kuwasha mapafu, na benzini ambayo inasababisha saratani, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo zilivyoongezeka. Miaka miwili baadaye nchi hiyohiyo ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa wavutaji wa vifaa vya mvuke. Hadi Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Kilichoshukiwa zaidi ni mafuta ya vitamini E asetati ambayo wauzaji wa vichochoroni waliyachanganya kwenye vichupa vya mafuta ya THC ili yaonekane mazito. Vitamini hiyo ukiila haina neno, ukiivuta inaharibu mapafu. Kauri nzuri ya nchi gani ingeizuia?

SWALI: Nauza vifaa vya simu mpakani. Wateja kutoka ng'ambo wananiulizia hizi kalamu. Je, nikiagiza tupu, bila kitu ndani, ni biashara halali? Wengine wananiambia wenzetu wameruhusu.
Mfanyabiashara, Tunduma

JIBU: Walichoruhusu wenzetu ni kidogo kuliko unavyosimuliwa. Malawi ilitunga sheria yake mwaka 2020, Zambia 2021; zote zinahusu bangi ya tiba, utafiti au viwanda, kwa leseni. Hakuna iliyofungua duka la kuvutia starehe. Na ukirudi upande wetu wa mpaka, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mlango wa namna hiyo.

Kifaa kitupu kinaweza kubishaniwa. Kifaa kilichojaribiwa na mteja kikarudishwa kwako "kina tatizo" hakibishaniwi: mabaki yatapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda Mbeya, na majibu hayatasema "tupu". Kabla ya kulipia mzigo, ulizia Mamlaka kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Sisi tungeuza chaja.

SWALI: Kamwene! Nina betri mbili za kalamu za aina hiyo, nazitumia kuwashia taa ndogo ya kusomea niliyoiunda. Moja haiingizi chaji kwa waya mpya wa simu, ya zamani inaingiza. Nyingine inakufa asubuhi za baridi, mchana inafufuka. Na je, naweza kupanda nazo ndege Songwe?
Mwalimu, Makete

JIBU: Kamwene, mwalimu. Ubunifu mzuri.

Ya kwanza haina ubovu. Waya mpya wa simu una ncha ndogo ya duara-yai pande zote mbili, na chaja yake haitoi umeme mpaka isome vipingamizi viwili vidogo ndani ya kifaa. Watengenezaji wa kalamu za bei nafuu huviacha ili kuokoa senti. Tumia waya wenye ile ncha pana ya zamani upande wa chaja. Huo hutoa volti 5 bila kuuliza. Chaja ya nusu ampea inatosha, na seli ya mAh 650 itajaa kwa chini ya saa mbili.

Ya pili ni baridi. Kemia ya lithiamu inazembea joto likishuka, ukinzani wa ndani unapanda, volti inaanguka chini ya kiwango cha bodi na taa inakatika ingawa chaji ipo. Ipashe kwa mwili, mfuko wa ndani wa koti, dakika kumi. Usiiweke karibu na jiko la mkaa. Na zile asubuhi za Juni na Julai ambapo Kitulo inaamka na umande ulioganda, usiichaji kabisa mpaka ipate joto la chumba: chini ya nyuzi sifuri lithiamu inaganda juu ya upande hasi kama rangi badala ya kuingia ndani, na ikishaganda inapunguza ujazo wa betri moja kwa moja na inaweza kuleta shoti baadaye. Ukiona imevimba, au ganda limeachana kwenye maungio, usiitoboe wala kuichoma. Ifunike ncha kwa selotepu, iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba.

Ndege, ndiyo, lakini kwenye begi la mkononi tu, zikiwa zimezimwa kwa ile mibonyezo mitano na pini zimefunikwa. Kwenye begi la kupakiwa chini haziruhusiwi, na huruhusiwi kuzichaji ukiwa angani. Ziwe safi vilevile. Kama ziliwahi kufungiwa chumba cha utomvu kabla hazijafika kwako, zipitishe spiriti kwenye hesi na pini kabla hujafika kwa wakaguzi.